Nyumba ya Mama Mkwe, Chumba Namba Saba

Siku mliyoniaga pale kwenye ukumbi wa chakula mlinipa doti mbili za khanga, sufuria za kupandana, na juu yake mkanipa kazi: niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kutandika vitanda, zisomwe na wanaoanza. Khanga nimevaa. Sufuria nimempa binti yangu Limi. Kazi ndiyo hii. Msitegemee nieleze nilivyopanda kutoka mfagiaji hadi mkuu wa vyumba, maana cheo hakijawahi kumlaza mgeni vizuri. Na maneno matamu mtayakosa pia. Nina uchungu kifuani na nimeamua kuutolea hapa, kwenu mnaoshika zile funguo sasa.

Nilianzia gesti moja karibu na stendi ya mabasi, Shinyanga mjini. Vyumba kumi na viwili, choo nje. Aliyenipokea aliitwa Paskazia, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, mchoyo wa maneno. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kuchuchumia, nikidhani nimepata kazi ya ofisini. Akavitazama weee, halafu akaniuliza, "Hivyo umemvalia nani? Shuka?" Nikavivua palepale, na sikuvivaa tena kazini mpaka nastaafu.

Baada ya hapo akanipeleka chumba namba tatu, akaniambia nilale kitandani. Nikajua ananitega anione mvivu. Nikabaki nimesimama.

"Lala, nimesema! Mgeni hakioni chumba akiwa wima kama wewe. Anakiona akiwa chali."

Nikalala chali. Loo! Utando wa buibui kwenye pembe, msumari umechomoza juu ya mlango, doa la maji darini kubwa kama sinia. Nilikuwa nimefagia chumba kile saa nzima na sikuwa nimeona hata kimoja. Paskazia hakunigombeza. Alinipa sindano na uzi mweupe niviweke mfukoni mwa aproni, akanionyesha namna ya kukunja pembe ya shuka ili isichomoke hata mgeni akigaragara, na namna ya kutoa kutu kwa limau na chumvi. Kila nilichofanya baadaye kwa ustadi kilitoka kwake. Nilichofanya kwa ubaya nilijifunza mwenyewe.

Kutoka hapo nikaenda upande wa Bulyanhulu, kwa mkandarasi mmoja aliyewalaza mafundi wake kwenye makontena. Namaanisha yaleyale masanduku ya chuma yanayobeba mizigo ya melini. Mtu akikuambia kontena haliwezi kuwa chumba kizuri, mwambie hajui kazi. Unaliezeka paa la pili la bati juu yake, unaacha nafasi ya upepo katikati, ndani unaweka mbao, chini zulia la mpira, na kiyoyozi unakielekeza miguuni, kamwe si kichwani. Asubuhi jua likilipiga, chuma kinalia ta! ta! ta!, na mgeni mpya anadhani anapigwa risasi. Nilikuwa nawaambia mapema: hiyo ni nyumba yenu inaamka, msiruke dirishani.

Kesi yangu ngumu pale ilikuwa fundi wa kuchoronga miamba, Masanja. Mtu mzima, mkubwa wa mwili, hapati usingizi. Akasinzia kazini chini ya ardhi, wakamwonya. Nikaenda kumwuliza shida ni godoro au ni nini.

"Dada, godoro halina kosa," akasema. "Natoka shimoni, naingia sandukuni. Nikifa mtanihamishia wapi tena?"

Nikalala kitandani kwake kama nilivyofundishwa. Macho yalikutana na ukuta wa chuma tu, na mlango ulikuwa nyuma ya kichwa. Nikamwita mchomeleaji, akakata dirisha usawa wa mto, nikageuza kitanda kikatazama mlango. Masanja akalala siku ile mpaka akachelewa zamu. Nilitembea kambini kifua mbele kama daktari bingwa. Mimi mwenyewe wakati huo nililala na wenzangu watatu kwenye kontena la stoo, halina dirisha, linanuka rangi, na hakuna aliyekuja kulala chali aone tunachokiona. Hilo mliweke akilini, mnaowatandikia wengine.

Mume wangu alifariki nikiwa bado kambini kule. Ini. Aliniachia Limi na mama yake mzazi, mama mkwe wangu Minza, aliyekuwa akiishi kijijini mbele ya Mhunze pamoja na wifi yangu Kabula. Nilikuwa mkamwana wa mbali, wa kuja sikukuu na sukari kilo mbili. Lakini yule mama alinipenda, na mimi nilimpenda. Ndiyo maana haya yananiuma.

Kisha Geita. Nyinyi mnapajua, ila hamkupaona palivyoanza. Injinia, ndivyo sote tulivyomwita, alistaafu migodini akiwa na shamba la majabali nje kidogo ya Kalangalala na akili isiyotulia. Alisema watu wamechoka na hoteli za vigae, wanataka kulala mahali pa kusimulia. Akaleta basi bovu, akang'oa viti, akaweka kitanda cha sita kwa sita. Akaleta tangi la chuma la maji, akalilaza ubavu, akalitoboa madirisha ya duara. Akajenga chumba katikati ya majabali mawili, jiwe lenyewe ndio ukuta wa kichwani. Bafu la kuogea akaliweka ndani ya tairi la lori la mgodini, tairi refu kunishinda mimi. Watu wakaja kutoka Mwanza, kutoka Dar, wazungu nao. Wakapiga picha mpaka na ndoo ya kudekia.

Kazi ya kufanya starehe iingie mahali ambapo haikualikwa ilikuwa yangu. Basi lilikuwa na honi, na kila mgeni mwanamume, hata awe na mvi, aliipiga alfajiri. Nikamwambia fundi umeme aikate. Kwenye tangi sauti inarudi: mume na mke wakinong'ona ugomvi wao, sisi jikoni tunasikia hadi jina la mchepuko. Nikatundika mazulia ukutani. Majabalini pimbi walikuwa na choo chao cha miaka na miaka juu ya jiwe, na hakuna aliyekuwa amewapa taarifa kwamba sasa ni hoteli. Nilipigana na pimbi msimu mzima na hawakunishinda, ila hawakuhama pia.

Siku moja Injinia akasema bado kitu kimoja. Anataka msonge, nyumba ya duara ya Kisukuma, ya nyasi mpaka chini. Mafundi walimjengea mbili za saruji, akazibomoa zote, akisema zinafanana na vibanda vya chipsi. Tukiwa kwenye kikao akauliza kama kuna anayejua msonge wa kweli bado umesimama. Mimi nikanyoosha mkono. Hakuna aliyenishika kiwiko. Nilitaka tu, jamani, mara moja, wazo kubwa la mahali pale litoke kwangu.

Msonge ulikuwa wa mama mkwe. Baba mkwe aliujenga mwenyewe: nguzo ya kati ya mti mgumu, fito zimesukwa kama kapu, nyasi zimepangwa tabaka juu ya tabaka mpaka karibu na ardhi. Ndani palikuwa na ubaridi mchana wa jua kali. Katikati kuna mafiga, na moto ulikuwa hauzimiki kabisa. Dari lote lilikuwa jeusi linang'aa. Mama Minza alizalia watoto wake mle, na mume wangu alikuwa mmojawapo.

Tulikwenda na Injinia. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Limi. Umekonda. Huko mnalisha wageni tu?"

Injinia akaeleza. Atamjengea mama nyumba ya matofali yenye bati na sakafu, naye atauhamishia msonge Geita, nguzo kwa nguzo. Wifi Kabula alifurahi waziwazi. Alikuwa amechoka kutafuta nyasi za kuezekea kila msimu, na mgongo wa kuzikata ulikuwa wake. Mama Minza akasikiliza hadi mwisho, akichochea moto wake.

"Nyumba hii inaishi kwa moshi," akasema. "Moshi unakausha nyasi, mchwa hawasogei. Moto uwashwe kila siku. Ukizimika, inaliwa."

"Bila shaka, mama," akasema Injinia.

"Na siku nikitaka kulala kwangu, nije nilale."

"Karibu sana! Wakati wowote!"

Hata hakumgeukia. "Huyu simwulizi. Nakuuliza wewe, Mama Limi."

Nikasema, "Ndiyo, mama. Moto nitawasha mwenyewe. Na kitanda chako kipo siku yoyote." Nilisema hayo nikiwa magotini, mbele ya mafiga yake. Akakubali. Nataka mwelewe kwamba hakukubali kwa ajili ya bati. Alikubali kwa sababu aliyeomba ni mimi.

Mafundi waliandika namba kwa chaki kwenye kila mti, lori likabeba. Msonge ukasimama tena karibu na majabali, tukaupa kibao cha shaba: Chumba Namba Saba. Nikaweka kitanda kizito, neti nyeupe, blanketi la sufu, mtungi wa maji ya kunawa. Nililala chali na kutazama lile dari jeusi, machozi yakanitoka kwa uzuri wake. Na kila siku saa kumi jioni niliwasha moto mdogo kwa kuni kavu zisizo na moshi mwingi, nikauacha ufuke saa moja kabla mgeni hajaingia.

Muda si muda malalamiko yakaanza. Koti la mgeni linanuka moshi. Mwingine anapiga chafya. Mama mmoja wa Dar akaandika kwenye simu yake kwamba wigi lake limeharibika na kwamba tunawalaza watu jikoni. Injinia akaniita.

"Mama Limi, ule moto basi."

"Injinia, tuliahidi. Na mchwa je?"

"Kuna dawa ya mchwa. Mgeni akikimbia hakuna dawa."

Ningeweza kubisha zaidi. Nilibisha siku moja kwa ajili ya honi ya basi nikashinda, kwa hiyo najua ningeweza. Sikubisha. Fundi umeme akaleta magogo ya saruji yaliyopakwa rangi, akaweka ndani taa nyekundu inayopepesa, juu ya mafiga yaleyale ya mama mkwe. Wageni waliipenda mno! Walijipiga picha wakiota taa. Asubuhi mimi niliifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, na kila nilipoifuta nilitazama pembeni. Dawa tulipulizia. Baada ya mvua moja nikaanza kuona unga mwepesi wa udongo chini ya fito, nikaufagia na kunyamaza.

Mama Minza akaja siku ya Jumamosi, mchana. Hakutuma ujumbe. Alipanda basi Mhunze, akabadilisha gari mara mbili, akafika getini na kifurushi cha khanga na fimbo ambayo sikuwahi kumwona nayo. Mlinzi akanipigia: kuna bibi hapa anasema amekuja kulala kwake.

Nikashuka mbio. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, mkono umeshika nguzo ya geti. Siku zote nilikuwa nampigia magoti. Siku ile nilikuwa na sare, wageni wa harusi walikuwa wanashusha mabegi nyuma yangu, nikainama tu kidogo kama mtu aliyeangusha kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja, Mama Limi. Mwili umechoka. Nataka nilale kwangu usiku mmoja, basi nirudi."

Nikajua papo hapo anachosema. Mtu mzima wa kwetu hasemi anaumwa nini. Nilijua ni usiku mmoja na hakutakuwa na mwingine.

Na mimi nikasema, "Mama, leo kuna wageni mle. Wameshalipia."

Ilikuwa kweli. Maharusi kutoka Mwanza, maua nimeyamwaga kitandani mwenyewe asubuhi ile. Lakini basi lilikuwa tupu. Maharusi wangeenda kwenye basi wakicheka, ningewapa soda na keki wangeona wamebahatika. Nimehamisha wageni mara mia kwa sababu ndogo kuliko hiyo, kwa bomba linalovuja, kwa nyuki. Nitawaambia sababu ya kweli, na ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika kurasa hizi. Niliona aibu aione ile taa. Niliona bora nimnyime nyumba yake kuliko aingie akute nilichoyafanyia mafiga yake.

Hakuuliza mara ya pili. Alinyanyua macho akautazama msonge kwa mbali, pale njiani, akautazama kwa muda. Nyasi upande wa mvua zilikuwa zimelegea. Mama yule aliishi chini ya nyasi zile tangu usichana wake.

"Huwashi," akasema.

Nikapokea kifurushi chake.

Nikampeleka chumba cha wafanyakazi, kontena letu la hapo Geita, moja zuri, la dirisha. Nikamtandikia shuka mpya za wageni, pembe zimekunjwa barabara, nikaweka mito miwili, nikawasha kiyoyozi, nikamletea uji na samaki. Nilimfanyia kila kitu ninachokijua katika kazi hii isipokuwa kile kimoja alichokuja kukiomba. Nikarudi kwa maharusi kuwaonyesha jinsi taa inavyowashwa.

Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, khanga begani. Kitanda hakikuguswa. Kiyoyozi alikuwa amekizima, au labda hakujua kukipunguza, sikumwuliza. Nikamsindikiza hadi stendi. Pale stendi ndipo nilipopiga magoti, kwenye vumbi, mbele ya watu wote, magoti yaliyochelewa siku nzima. Akanishika kichwani.

"Wabeja," akasema. Kwetu ndiyo ahsante. Akapanda gari.

Sikulala siku nyingi baada ya hapo, na msicheke, mimi mwalimu wenu wa usingizi. Niliapa kwamba nitakwenda kumchukua, nitafunga chumba, nitang'oa yale magogo ya saruji, nitawasha moto, Injinia anifukuze akitaka. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo kukawa na kundi kutoka Dodoma. Wifi Kabula akapiga simu kabla ya kundi hilo kuondoka.

Nilifika msibani. Nilijua nitakutana na macho ya ukoo mzima. Nilipanga la kusema: nilikosea, nisameheni, nilimnyima. Nilikuwa tayari kabisa. Nikashuka kwenye pikipiki, nikavua viatu, na kabla sijafika kwenye jamvi Kabula akanikimbilia na kunikumbatia, analia begani kwangu kwa sauti.

"Wifi, Mungu akubariki! Mama ametusimulia yote. Kwamba ulimpisha kwake. Kwamba ulimwashia moto kwa mkono wako, mkakaa naye mpaka usingizi ukamchukua. Amesema alilala kama enzi za baba. Tangu arudi alikuwa hasemi kingine, wifi. Amekufa ametulia."

Wakinamama wote wakageuka kunitazama. Baba mdogo wa marehemu mume wangu, mkubwa wa ukoo, akainuka kwa fimbo yake akaja kunishika mkono, mbele ya watu, mimi mkamwana wa sukari kilo mbili. Akasema ukoo umepata mtoto. Wakaniweka mbele, karibu na jeneza, mahali pa binti wa kuzaa.

Midomo ilifunguka. Niliihisi ikifunguka. Kabula alikuwa bado amenishika, nikatazama ile nyumba ya bati nyuma yake, joto linapanda juu yake kama mvuke wa chungu, nikafikiri yule mama alikaa mle siku zote zile akiwahadithia watoto wake usiku ambao haukuwepo, akiupamba, akiongeza kuni, ili mimi nisiaibike.

Nikasema, "Ndiyo. Alilala vizuri."

Wakanishukuru tena.